Uongo Usio na Mwongo

Watu wengi hudhani kwamba kila uongo hauna budi kuwa na mwongo wake, kama kila mtoto alivyo na mama. Dhana hii ina faraja, kwa sababu mtu ambaye hakukusudia kudanganya hujihesabu kuwa mkweli, akalala usingizi mwema. Lakini mtazame mwenye duka ambaye mizani yake imeingia kutu. Hakuisukuma kwa kidole, wala hakuficha risasi chini ya kitanga chake. Hupima sukari kwa moyo safi, na kila mnunuzi hurudi nyumbani na upungufu. Je, mtu huyu ni mwaminifu? Ukisema ndiyo, utawaambia nini waliopunjwa? Ukisema siyo, utamshtaki kwa kosa gani, maadamu hakutamka uongo hata mmoja?

Ili tulipime swali hili vema, msomaji, sharti tuliondoe sokoni. Sokoni yuko mnunuzi mwenye macho, iko mizani ya jirani, na mara kwa mara hupita mkaguzi wa vipimo. Mwenye duka akikosea, wapo wa kumsahihisha. Tulipeleke swali letu mahali ambapo hapana mnunuzi, hapana jirani, na mkaguzi yu mbali safari ya siku nyingi. Mahali hapo ni kwenye ncha za dunia, katika nchi za barafu za Aktiki na Antaktika, ambako watu wachache wamekabidhiwa kazi ya kupima nuru ya jua. Kazi hiyo yaonekana ndogo, lakini ni chache zinazoonyesha waziwazi kama hiyo umbali uliopo kati ya kutosema uongo na kusema kweli.

Huenda ukauliza: Jua la huko lina haja gani kwetu sisi tuliojaliwa jua la mwaka mzima? Kwanza, jua hilo si dogo kama tunavyolidhania. Mwezi wa Desemba katika Ncha ya Kusini jua halichwi kabisa, na nuru ifikayo juu ya anga la huko kwa siku nzima huipita ile ifikayo juu ya ikweta kwa zaidi ya thuluthi moja. Pili, hatima ya nuru hiyo yatuhusu sote. Theluji mpya hurudisha angani zaidi ya asilimia 80 ya nuru inayoiangukia, hali bahari nyeusi isiyo na barafu humeza sehemu kubwa yake na kupata joto. Barafu ikipungua, bahari nyeusi huongezeka. Bahari nyeusi ikiongezeka, joto huzidi kumezwa, na barafu huzidi kupungua. Katika mzunguko huo hata kiasi kidogo kina uzito. Wati 1 tu kwa kila mita ya mraba, ikidumu mwaka mzima na kutumika yote katika kuyeyusha barafu iliyo tayari kuyeyuka, yaweza kuondoa unene wa karibu sentimita 10. Na barafu iliyolala juu ya nchi kavu ya Greenland na Antaktika ikiyeyuka, maji yake huingia baharini. Na bahari ni moja, ile ile ipigayo kuta za Lamu na Mombasa. Kwa hiyo mtu anayetaka kujua yatakayowapata wajukuu wake pwani hana budi kutaka kujua kama kipimo cha jua la mbali ni cha kweli.

Sasa tukitazame chombo chenyewe. Kile kinachotumika sana huitwa piranomita. Ni kisahani cheusi kilichofunikwa kwa kuba ya kioo, aghalabu kuba mbili, moja ndani ya nyingine. Nuru hukipasha joto kisahani. Tofauti ya joto iliyoko kati yake na kiwiliwili cha chombo huzaa umeme mdogo sana. Na umeme huo hugeuzwa kuwa tarakimu. Chombo hiki hakina hila. Hakimpendi mtu wala hakimchukii. Hata hivyo, katika nchi ya baridi kali chaweza kusema uongo kwa njia tatu, na kila njia ina funzo lake.

Njia ya kwanza ni sakitu, yaani unyevu wa hewa ulioganda. Sakitu huikalia kuba ya kioo na kuziba nuru, au kuitawanya isivyo kawaida. Lakini chombo kilichofunikwa hakipigi kelele, wala hakinyamazi. Huendelea kuandika tarakimu zake dakika kwa dakika, kwa utulivu ule ule wa jana kilipokuwa safi. Anayesoma tarakimu hizo akiwa mbali haoni sakitu. Huona karatasi iliyojaa, na karatasi iliyojaa hufanana sana na kazi iliyofanywa.

Njia ya pili ni ubaridi wa kioo. Anga likiwa halina mawingu, kioo hutoa joto lake kwenda juu, kikawa baridi kuliko kisahani kilicho chini yake. Kisahani nacho hukipa kioo sehemu ya joto lake, na chombo huandika kwamba nuru ya jua imepungua. Wakati wa usiku kosa hili hujifichua lenyewe, maana tarakimu hushuka wati chache chini ya sifuri, na kila mwenye akili ajua kwamba hapana nuru iliyo chini ya giza. Lakini kukipambazuka, kosa lile lile huendelea kufanya kazi yake ndani ya tarakimu kubwa, na hapana alionaye. Ndivyo zilivyo aibu nyingi za wanadamu: zikisimama peke yake hushangaza, na zikichanganyika na mafanikio hupita bila kuulizwa.

Njia ya tatu ni mwinamo. Jua la utosini hukisamehe chombo kilichoinama kidogo. Jua la upeo wa macho halisamehe. Chukua chombo kilichoinama nyuzi 1 kuelekea jua. Jua likiwa nyuzi 80 juu ya upeo wa macho, kama linavyoweza kuwa adhuhuri katika nchi yetu, kosa la kupima miali inayotoka moja kwa moja kwenye jua halifiki hata nusu ya asilimia 1. Jua likiwa nyuzi 10 tu, kosa hilo hukaribia asilimia 10. Na katika ncha yenyewe ya dunia jua halipandi kamwe kupita nyuzi 23 na nusu. Uzembe ni ule ule, chombo ni kile kile, lakini madhara hayalingani. Hivyo mtu asiseme, “Kosa hili nimelifanya kwetu miaka mingi, wala halikumdhuru mtu.” Pengine alikuwa akiishi chini ya jua lenye msamaha.

Sasa mfikirie mtu aliyeachwa kukilinda chombo hicho. Katika kituo cha Ny-Ålesund, katika visiwa vya Svalbard, jua halionekani tangu mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Februari. Katika kituo cha Amundsen-Scott, kwenye Ncha ya Kusini, usiku mmoja huchukua karibu nusu ya mwaka. Jua lirudipo bado baridi ni kali, na kazi ya mlinzi ni kutoka nje, kutazama kuba za kioo, kuzifuta sakitu kwa uangalifu zisikwaruzike, na kuandika katika daftari saa aliyozifuta. Asipotoka, nani atajua? Tarakimu zitaandikwa vilevile. Msomaji aliye katika mji wa mbali atazipokea kwa shukrani. Hapana atakayelia kwamba amepunjwa, kwa kuwa aliyepunjwa hatajua. Hapa ndipo uaminifu unapovuliwa nguo zote za kuazima. Hauna sifa ya kupata, wala adhabu ya kuogopa. Umebaki wenyewe, na kitambaa mkononi.

Lipo pia jaribu jingine. Tuseme mlinzi aliugua, au tufani ilivuma siku tatu, na kuba hazikufutwa. Afanye nini na tarakimu za siku hizo? Aweza kuziacha kana kwamba hapana lililotokea. Aweza kuzitoa na kujaza pengo kwa tarakimu zinazofanana na za wiki iliyopita, asimwambie mtu. Au aweza kuandika kwamba kwa siku tatu hapana kipimo cha kutegemewa. Njia ya tatu huacha tundu katika jedwali, na tundu halipendezi. Lakini wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Pengo lililokiri kuwa ni pengo halimpotezi mtu. Anayetaka kulikadiria atalikadiria, akijua kwamba anakadiria. Tarakimu ya kubuni iliyovaa nguo ya kipimo humpoteza kila ajaye baada yetu, na miaka ikipita hapana awezaye kuitenga na wenzake.

Basi ukweli wa namna hii hulindwaje? Wataalamu wamejifunza kutolitegemea neno la shahidi mmoja. Upo mtandao wa vituo vya kupima mionzi ya jua juu ya uso wa dunia, ulioanza kazi mwaka 1992, na baadhi ya vituo vyake viko Ny-Ålesund, Utqiaġvik katika Alaska, na Antaktika. Katika vituo vya namna hiyo nuru hupimwa mara tatu. Chombo kimoja hulifuata jua na kupima miali iliyonyoka. Cha pili huwekewa kivuli, kikapima nuru iliyotawanywa na anga na mawingu. Cha tatu hupima yote kwa pamoja. Miali iliyonyoka, ikishahesabiwa pembe ya jua, ikijumlishwa na nuru iliyotawanyika, hainabudi kulingana na kipimo cha tatu. Isipolingana, mmojawapo wa mashahidi amekosea. Vyombo vya kulinganishia vipimo vya dunia nzima hutunzwa Davos, Uswisi, na kila baada ya miaka mitano mataifa hupeleka vyombo vyao huko vikapimwe kimoja kwa kingine. Na kuanzia mwaka 2017 hadi 2018 vyombo vingi viliwekwa bega kwa bega huko Utqiaġvik, vyenye feni na vipasha joto vya namna mbalimbali, ili ijulikane ni njia ipi inayozuia barafu bila ya kukiharibu kipimo chenyewe. Maana joto la kuondoa sakitu nalo laweza kuleta kosa lake.

Hata hivyo usidhani kwamba mashahidi watatu wakikubaliana shauri limekwisha. Sakitu ikivifunika vyombo vyote kwa pamoja, vyaweza kukubaliana katika kosa. Wala usidhani kwamba aliye juu zaidi ndiye aonaye zaidi. Setilaiti huzunguka juu ya ncha za dunia na kukadiria nuru ifikayo chini, na bila hizo tusingejua lolote juu ya sehemu pana zisizo na vituo. Lakini theluji ni nyeupe na baridi, na wingu nalo ni jeupe na baridi. Kutoka juu si rahisi kulitenga wingu na theluji iliyo chini yake. Setilaiti ikisema hivi na kituo kikisema vile, cheo cha shahidi hakitoshi kuamua. Kila mmoja aulizwe: Umejuaje?

Nakuletea sasa kisa kimoja cha kweli kinachokaribiana sana na jambo hili, kwa kuwa nacho kilitokana na kupima nuru ya jua katika Antaktika. Gesi ya ozoni iliyo juu angani huzuia sehemu ya mionzi ya jua yenye madhara, na kiasi chake hujulikana kwa kulinganisha miali miwili ya nuru isiyoonekana kwa macho, mmoja unaomezwa sana na ozoni na mwingine unaomezwa kidogo. Katika kituo cha Waingereza cha Halley kazi hiyo ilifanywa mwaka baada ya mwaka tangu 1956, bila ya jambo la ajabu kutokea. Kisha, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, tarakimu za majira ya Oktoba zilianza kushuka. Wataalamu watatu, Joseph Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin, hawakukimbilia kutangaza wala hawakuzitupa. Walikihoji chombo chao, wakaleta kingine kipya, wakalinganisha na kituo kingine. Mwezi wa Mei 1985 walitangaza kwamba ozoni ya Oktoba juu ya Halley imepungua kwa kiasi cha thuluthi moja.

Wakati huo huo setilaiti ya Marekani ilikuwa ikipita juu ya pahali pale pale. Husimuliwa mara nyingi kwamba mashine zilizitupa tarakimu zake kwa kuwa zilikuwa ndogo mno. Sivyo ilivyokuwa. Tarakimu hizo zilitiwa alama ya shaka, na mwaka 1984 wataalamu walipozipitia za Oktoba 1983 waliona alama nyingi mno juu ya Antaktika. Wakatafuta shahidi wa pili, wakatazama tarakimu za kituo kilichoko kwenye Ncha ya Kusini. Kituo kikasema ozoni ni kama vipimo 300, kiasi cha kawaida. Setilaiti ikasema iko chini ya 180. Hebu jiulize, msomaji: Wewe ungemwamini nani? Yule asemaye neno lililozoeleka, au yule asemaye neno ambalo halijapata kusikika? Baadaye ilidhihirika kwamba tarakimu ya kawaida ndiyo iliyokuwa na kosa, kwa sababu ya namna chombo kilivyotumiwa kituoni, na tarakimu ya ajabu ndiyo iliyokuwa kweli.

Nakusihi uitafakari hukumu hii, kwa maana ndani yake mna jibu la swali letu. Tarakimu ya ajabu ilihojiwa mara nyingi, na ilistahili kuhojiwa. Lakini tarakimu ya kawaida ilipewa kiti bila ya kuulizwa itokako, kwa sababu ilisema tuliyokwisha kuyaamini. Akipenda chongo huita kengeza. Udhaifu wetu mkubwa si kwamba hatuhoji. Ni kwamba tunahoji kwa upendeleo. Lituudhilo tunalipima mara tatu, na litupendezalo tunalipokea mlangoni. Mtu wa namna hiyo hajasema uongo hata mara moja, lakini maisha yake yote aweza kuwa ghala ya uongo uliopangwa vizuri.

Huenda mmoja akapinga akisema: “Ikiwa kila kipimo ni cha kutiliwa shaka, basi hatujui kitu, na afadhali tukae.” Neno hili husemwa na wavivu, na wakati mwingine husemwa na werevu ambao faida yao ni watu wakae. Lakini shaka ziko mbili. Shaka ya mvivu huuliza ili iache kazi. Shaka ya mwaminifu huuliza ili iimalize. Mpimaji mwema hasemi, “Najua yote,” wala hasemi, “Sijui chochote.” Husema, “Kipimo ni hiki, na kosa lake laweza kufika hapa.” Mpaka huo wa kosa si aibu ya tarakimu, bali ndio unaowawezesha watu kutenda. Baada ya tarakimu za Halley kuhakikishwa, mataifa hayakungoja elimu isiyo na doa. Mwaka 1987 yalitia sahihi Mkataba wa Montreal wa kupunguza gesi zinazoharibu ozoni, na leo hewa ya juu yaelekea kupona polepole. Ofisi inayoutunza mkataba huo iko Nairobi, katika Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa. Kazi ya wafutaji wa vioo katika barafu ilifika mpaka mlangoni petu.

Turudi sasa kwa mwenye duka na mizani yake. Siku ile kutu ilipoingia bila ya yeye kujua, hakuwa na hatia. Lakini alikuwa na njia ya kujua. Angaliweza kuweka jiwe la ratili moja kitangani kila asubuhi, akatazama. Kila siku aliyoipitisha bila ya kutazama, hasa kama upungufu ule ulikuwa ukimwachia faida, ilihamisha kosa kutoka katika chuma na kulitia katika moyo wake. Kutosema uongo ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni kujitaabisha usije ukawa mlango ambao uongo usio na mwongo hupitia.

Wewe unayesoma nawe una mizani yako. Katika chumba cha sayansi unapima nguvu ya uvutano wa dunia, na kitabu kimekwisha kukuambia kwamba jibu ni 9.8. Ukipata 9.1 unarudia kazi, ukipata 9.8 unafunga daftari. Lakini makosa mawili yaliyopingana yaweza kukupa 9.8, na kazi safi yenye chombo kibovu yaweza kukupa 9.1. Ukiwa mtunza fedha wa chama, fedha zikipungua unahesabu tena. Zikizidi, je, wahesabu pia? Ukisikia sifa mbaya ya adui yako, wauliza, “Nani ameiona?” kama uulizavyo kwa rafiki yako? Jaribu kwa mwezi mmoja kulihoji neno likupendezalo kwa ukali ule ule unaolihoji likuudhilo. Utaona kazi hiyo ni ngumu kuliko kutosema uongo, na baridi yake ni kali. Lakini mtu akiizoea, hata akiwa peke yake mahali ambapo hapana amwonaye, atatoka nje asubuhi akafute kioo chake.